Mzigo wa wote, furushi la kila mmoja: vikundi vya masomo vya wanafunzi wetu

Jalada la kazi lilikuwa na majina 7. Kazi yenyewe ilikuwa safi, imepigwa mashini vizuri, na asistanti alikuwa amekwisha kuipa pointi 16 kwa 20. Kisha akaifunga, akaweka kidole juu ya jina la tano, akamwuliza mwenye jina swali lililokuwa ndani ya kazi hiyo hiyo. Mtoto ana kilo 12. Anapaswa kupewa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika mililita 5. Utampa mililita ngapi? Kimya. Akamgeukia mwenye jina la sita. Kimya tena. Mwishowe macho ya wote yakamwelekea binti aliyeandikwa wa pili, naye akajibu akiwa ametazama chini: mililita 7 na nusu.

Wawili kati yetu tunaoandika mistari hii tulikuwa ndani ya chumba siku ile. Hatukuumia sana kwa sababu wale wengine hawakujua; mwanafunzi asiyejua anaweza kufundishwa. Tuliumia kwa sababu hawakuona ubaya wowote. "Sisi tulitoa pesa za fotokopi," mmoja alijitetea, na wenzake wakatikisa kichwa kukubali. Na binti naye, tulipotoka nje, alituambia kwamba safari nyingine ataomba kufanya kazi peke yake. Amechoka kubeba watu.

Tunawaandikia hasa wazazi na viongozi wa parokia, maana vikundi hivi viko mikononi mwetu kuliko tunavyofikiri. Jioni vinakaa katika madarasa ya shule za kanisa, katika chumba cha kwaya, popote palipo na taa ya sola. Pesa za masomo zinatoka kwa mama anayeuza unga wa muhogo sokoni, au kwa baba aliyeuza ng'ombe wa mwisho. Na kijana ambaye leo anaandikiwa na mwenzake, kesho atakuwa peke yake katika kituo cha afya, usiku, mbele ya mtoto wa kilo 12.

Kazi za kikundi hazitaondoka. Promosioni ikiwa na wanafunzi 200, hakuna asistanti atakayesahihisha kazi 200 kila juma, kwa hiyo anawagawa katika vikundi. Mfumo wa LMD nao unahesabu saa ambazo mwanafunzi anajifunza nje ya darasa, na saa hizo nyingi zinapita kikundini. Silabusi moja inasomwa na watu watano kwa sababu wanne hawana pesa ya kununua yao. Hata finalisti wa sekondari wanaojitayarisha kwa mtihani wa Serikali wanakutana kwa vikundi, ingawa siku ya Exetat kila mmoja atakaa kwenye benchi na karatasi yake.

Basi swali letu ni kwa nini watu wenye nia njema, wakiwekwa pamoja, mara nyingi wanafanya pungufu ya vile ambavyo kila mmoja angefanya akiwa peke yake.

Jibu moja ni la zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, mhandisi wa kilimo huko Ufaransa aitwaye Max Ringelmann alipima nguvu za watu kwa kuwapa kamba wavute, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Mtu angetazamia kwamba watu 8 watavuta mara 8 ya mtu mmoja. Haikuwa hivyo: katika kundi la watu 8 kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyoitoa alipovuta peke yake. Yeyote aliyewahi kwenda salongo hatashangaa. Palipo na majembe 40, kuna majembe 10 yanayopanda na kushuka bila kugusa udongo sana.

Lakini Ringelmann mwenyewe hakuharakisha kusema kwamba watu wanategea. Aliona pia kwamba watu wengi hawavuti kwa wakati mmoja. Huyu anavuta wakati yule anapumua, na nguvu inapotea bila mtu kuwa mvivu. Miaka mingi baadaye, mwaka 1974, watafiti wa Marekani walitenganisha sababu hizo mbili kwa ujanja mzuri. Waliwafunga watu macho, wakawaambia kuna wenzao nyuma wanaovuta pamoja nao, kumbe nyuma hakukuwa na anayevuta. Watu wale walivuta kwa nguvu pungufu. Hapo hapakuwa na wa kugongana naye; kule kudhani tu kwamba wengine wapo kulitosha kulegeza mikono. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake wakaona jambo hilo hilo kwa kupiga makofi na kupaza sauti. Na mwaka 1981 wakagundua upande wa pili: wanafunzi walipoamini kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa peke yake hata ndani ya kundi, ulegevu ule ulitoweka.

Tunaomba msomaji azishike sababu hizo mbili zote, maana kwetu tunakimbilia ile ya uvivu na kusahau ile nyingine. Mengi tunayoyaita uvivu ni kukosa mpango. Saa ya kukutana imepangwa na yule anayeishi karibu na chuo. Aliyekimbia vita na sasa analala kwa shangazi upande mwingine wa mji anafika wakati wenzake wanafunga madaftari. Maswali yaligawanywa kwenye kikundi cha WhatsApp usiku, naye hakuwa na mega. Asubuhi alikuwa sokoni. Kumwita mtegeaji ni kumwonea. Hata hivyo watu wa jina la tano na la sita hawakuwa wa namna hiyo. Wao walikuwapo kila mkutano, wakicheka na wenzao. Walivuta kamba wakiwa wamefumba macho, wakijua kuna mtu nyuma.

Sasa tumtazame yule binti, maana ni rahisi kumsifu na kuishia hapo. Kiswahili chetu kinaliita jambo lake ubinafsi, na neno hilo tayari ni hukumu. Tuna neno lingine, kujitegemea, ambalo tunalisifu. Mtu mmoja akifanya tendo moja, sisi tunachagua neno kulingana na vile tunavyompenda.

Tabia ya kufanya peke yako tunaifundisha mapema sana. Tangu shule ya msingi, bulletini ya mtoto inaonyesha nafasi yake: wa 3 kati ya 48. Mzazi anatazama nafasi hiyo kabla ya kutazama kama mtoto anajua kusoma. Mtoto anaelewa upesi kwamba mwenzake akipanda, yeye anashuka. Anajifunza kufunika daftari kwa mkono. Miaka 12 baadaye tunamweka kikundini na kumwambia ashirikiane. Hajawahi kuonyeshwa jinsi gani.

Mwaka 1971 mwanasaikolojia Elliot Aronson aliitwa katika shule za mji wa Austin, jimbo la Texas, huko Marekani. Watoto weusi, weupe na wale wenye asili ya Mexico walikuwa wameanza kusoma pamoja kwa mara ya kwanza, na kulikuwa na ugomvi mwingi. Aronson na wanafunzi wake waliketi darasani wakitazama. Waliona kile tunachokijua sisi: mwalimu anauliza, mikono inapanda, na anayejua anaomba moyoni mwenzake akosee ili yeye aitwe. Dawa yao ilikuwa kulikata somo vipande kama picha ya kuunganisha. Katika kikundi cha watoto 5 au 6 kila mmoja alipewa kipande ambacho wengine hawana. Alikisoma peke yake, akakutana na wale wa vikundi vingine wenye kipande kama chake ili wahakikishe wameelewa, kisha akarudi kuwafundisha wenzake. Mwishoni kila mtoto aliulizwa juu ya somo lote. Anayemcheka mwenzake mwenye kigugumizi alipoteza kipande cha yule, na kwenye mtihani aliumia yeye. Kwa hiyo walianza kusikilizana.

Njia hiyo inaweza kutumika hapa kesho bila pesa yoyote. Chukua malaria: mmoja anachukua maisha ya mbu, wa pili dalili, wa tatu vipimo, wa nne dawa, wa tano kinga. Tahadhari ni moja. Ikiwa kila mtu atabaki na kipande chake, na mwishoni vipande vinabandikwa tu pamoja kwa mashini, tumerudi kwenye jalada lenye majina 7. Kipande kinapaswa kufundishwa kwa wenzake, na kila mmoja aulizwe juu ya vyote.

Mfano ambao sisi tunaupenda zaidi unatoka chuo kikuu cha Berkeley, California. Katika miaka ya 1970 kijana aliyefundisha hisabati huko, Uri Treisman, alisumbuliwa na jambo moja: wanafunzi weusi wengi walikuwa wanashindwa somo la kwanza la hisabati ya juu, na wale wenye asili ya China wengi walikuwa wanafaulu. Walimu wenzake walikuwa na majibu tayari. Walisema hawana bidii, shule walizotoka ni dhaifu, wazazi hawajali, familia ni maskini. Treisman hakutosheka. Alichagua wanafunzi 20 wa kila upande, akaishi karibu nao kwa miezi mingi, akiangalia wanasomaje.

Majibu yote manne yalianguka. Wanafunzi weusi walikuwa na bidii, na wazazi wao walijinyima mengi ili wasome. Walifanya hasa kile walichoambiwa: saa 2 za kujifunza kwa kila saa 1 ya darasa, yaani saa 8 kwa juma. Lakini walizifanya peke yao, mlango umefungwa. Walikuwa wamefika pale walipo kwa kujitenga na marafiki waliowarudisha nyuma, na dawa ile iliyowaponya sekondari sasa ilikuwa inawaua. Akikwama kwenye swali, hakuwa na njia ya kujua kama swali ni gumu kwa wote au ni yeye tu. Wengi walidhani ni wao tu.

Wale wa upande wa pili walitumia karibu saa 14 kwa juma, na tunaomba wapenda vikundi wasome hapa polepole. Saa 8 hadi 10 kati ya hizo kila mmoja alikuwa peke yake na maswali yake. Jioni ndipo walipokutana. Pengine walipika pamoja, wakala, kisha kila mmoja akatoa majibu yake, wakalinganisha. Watano wakiwa na jibu moja na wa sita ana lingine, wa sita alijua amekosea na walimwonyesha wapi. Wote wakitofautiana, walijua swali ni gumu kweli. Walijaribu mitihani ya miaka iliyopita. Kila mmoja alijua mwenzake yuko wapi.

Treisman alianzisha vikundi kwa ajili ya wanafunzi weusi, na hakuwapa mazoezi mepesi ya kuwainua wanyonge. Aliwapa maswali magumu kuliko ya darasani, yale ambayo mtu mmoja hawezi kuyamaliza bila kuzungumza na mwenzake. Waliohudhuria walianza kufaulu vizuri.

Basi wanafunzi wale waliofaulu walikuwa wapweke kuliko yule binti wetu wakati wa kujitayarisha, na wenye ushirika kuliko wale wenzake wakati wa kukutana. Kikundi chao hakikuwa mahali pa kufanyia kazi. Kilikuwa mahali pa kuleta kazi iliyokwisha kufanywa.

Wasomaji wetu wanaujua ugomvi huu kutoka mahali pengine. Katika sura ya 6 ya barua kwa Wagalatia, mstari wa 2, Paulo anawaagiza watu wasaidiane kubeba. Mistari mitatu mbele anasema kila mtu atabeba cha kwake. Wako waliosema anajipinga. Lakini Kiyunani kina maneno mawili tofauti hapo, baros na phortion, na Biblia yetu ya Kiswahili ya Union imeyatenganisha vizuri: kwanza ni mizigo, halafu ni furushi. Mama yeyote wa sokoni atakueleza tofauti bila kusoma Kiyunani. Gunia la muhogo la kilo 100 haliinuki bila watu wawili au watatu. Lakini furushi lake amelifunga mwenyewe alfajiri, anajua kilichomo, na hakuna anayemfungia.

Wanafunzi wengi wanakosea hapo hapo. Kusoma sura, kukariri vitenzi vya Kiebrania, kujaribu hesabu mpaka ushindwe: hilo ni furushi. Kusahihishana, kueleza kwa njia tatu mpaka mwenzako aelewe, kulitafuta pamoja jibu la swali lililowashinda wote: huo ni mzigo. Mvivu analeta furushi lake kikundini ili wengine walifunge. Yule binti anataka kuinua gunia peke yake.

Na akina mama wetu tayari wanajua jinsi ya kupanga mambo haya, kwa maana wako katika AVEC. Katika chama hicho cha akiba sanduku ni la wote, lina makufuli 3, na funguo ziko kwa watu 3 tofauti. Lakini kila mwanachama ana kijitabu chake. Anaponunua hisa, mihuri inapigwa mbele ya wote, na pesa zinahesabiwa kwa sauti. Hakuna anayesema "sisi tulitoa"; kijitabu kinasema nani alitoa nini. Na anayepatwa na msiba anasaidiwa kutoka mfuko wa jamii bila kuitwa mtegeaji, kwa sababu kijitabu chake kinaonyesha majuma aliyokuja. Hakuna aliyewahi kuona AVEC ambamo mtu mmoja anaweka pesa na wengine 20 wanaandika majina. Mtoto wa mama huyo huyo anakubali jambo hilo chuoni kila mwezi.

Juu ya pesa za fotokopi, msimamo wetu ni huu. Kulipa karatasi ni msaada wa kweli mahali ambapo kurasa 30 ni chakula cha siku, na asiye na pesa asifukuzwe kikundini. Lakini pesa hainunui jina kwenye jalada. Vivyo hivyo mabinti wasifanywe waandishi na wapishi wa kikundi halafu ihesabiwe kwamba wameshiriki. Tumeona kikundi ambamo msichana alipiga mashini kurasa zote za mwaka bila kuulizwa hata mara moja anafikiri nini. Na siku hizi kuna namna mpya: mmoja anauliza simu yake, simu inatoa jibu refu lenye Kifaransa kizuri, naye analituma kikundini usiku wa manane. Wote wanaandika "asante sana". Hapo hata yule mmoja aliyekuwa anafanya kazi hayupo tena.

Baada ya siku ile ya jalada, tuliomba ruhusa kwa parokia moja tujaribu namna nyingine na wanafunzi waliotaka. Tuliligawa kundi la 7 kuwa la 4 na la 3, maana katika watu 4 hakuna pa kujificha. Kila mmoja anafika na karatasi yake iliyoandikwa kwa mkono, hata kama ni makosa matupu. Asiye nayo anakaa kando kwa nusu saa ya kwanza akiiandika. Anayeeleza mbele anachaguliwa kwa kura siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna anayejua mapema kama ni yeye, na anayejua sana ana faida ya kuwafundisha wengine vizuri. Saa ya kukutana inapangwa na yule anayetoka mbali. Tulimwomba asistanti awe anauliza swali moja kwa mtu mmoja kabla ya kutoa pointi za wote. Alikubali, ingawa inamchukua muda.

Si wote waliopenda. Mmoja alituambia tumegeuza chumba cha kwaya kuwa shule ya msingi, akaondoka, na hajarudi. Kwa majuma mawili vikundi vilikwenda polepole kuliko zamani, na binti yule alinung'unika kwamba anapoteza wakati. Tulimpa sharti moja gumu: asijibu mpaka wengine wote wawe wamesema.

Juma la tatu kijana wa jina la tano alifika na karatasi yenye hesabu 3 za dawa. Mbili zilikuwa na makosa. Aliiweka juu ya meza, wakaanza kutafuta kosa lilipo, na kwa sababu umeme ulikuwa umekatika waliinamisha vichwa vyote karibu na mwanga wa simu moja. Ilichukua karibu saa nzima. Binti aliketi mikono ikiwa chini ya mapaja, midomo imebanwa, akitazama kalamu ya mwenzake inavyokwenda mahali pasipofaa, inasimama, inarudi.